Kuoanisha risiva na sabufa na spika ndogo za sebuleni: mwongozo kamili

Mteja wangu mmoja wa Tabata aliniita nyumbani kwake jioni, nikakuta TV iko kwenye taarifa ya habari. Spika tano ndogo, kila moja ukubwa wa ngumi, zilikuwa zimefungwa ukutani kwa unadhifu mkubwa. Sabufa, lile kasha la besi peke yake, ilikuwa imefichwa kona ya nyuma, mgongoni mwa kochi, kwa sababu mama mwenye nyumba hakutaka kuiona. Msomaji wa habari alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito. Mdomo wake ulikuwa mbele yangu kwenye kioo, lakini ule uzito wa kifuani ulinitokea nyuma ya kisogo. Bwana mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha risiva, yaani ile amplifaya inayogawa sauti kwa spika zote, mara mbili akiamini wati hazitoshi.

Hapakuwa na kifaa kibovu pale ndani. Tatizo lilikuwa kwenye mshono, yaani pale spika ndogo zinapoachia sauti na sabufa inapoipokea. Mshono ukikaa sawa, husikii sabufa kabisa. Unasikia spika ndogo kana kwamba zimeota kifua. Mwongozo huu wote ni juu ya kuutafuta huo mshono, na ndiyo maana tunaanza na spika, kisha risiva, kisha sabufa. Watu wengi dukani huanza na wati za risiva, halafu hutumia pesa nyingi kurekebisha kisichorekebishika.

Kwa nini spika ndogo haina besi

J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya KLH iliyoanzishwa mwaka 1957 kule Massachusetts, Marekani, alieleza jambo ambalo mafundi bado wanaliita sheria ya chuma ya Hofmann. Spika inaweza kuwa na kasha dogo, inaweza kushuka chini kwenye besi, na inaweza kutoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua mawili, la tatu utalikosa. Shirika la utangazaji la BBC lilipotengeneza spika yake ndogo ya LS3/5A miaka ya 1970, kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, lilichagua udogo na besi ya wastani. Likalipa kwa la tatu: spika ile hutoa kama dB 83 tu (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja, kwa hiyo inataka amplifaya yenye nguvu ili isikike.

Lipo na jambo la koni. Ukitaka spika itoe sauti ya ukubwa uleule lakini oktavu moja chini, tuseme kutoka Hz 80 hadi Hz 40 (Hz hupima masafa, yaani mitetemo kwa sekunde), koni inabidi iende mbele na nyuma mara nne zaidi. Koni ya inchi 4 haina nafasi hiyo. Ndiyo maana spika ndogo ikilazimishwa kupiga besi hukohoa, na hata sauti ya mwimbaji inatetemeka kwa sababu inatoka kwenye koni hiyohiyo inayohangaika. Ukiiondolea besi, inapumua. Sauti za watu zinasafika hapohapo, bila kununua chochote.

Hatua ya kwanza: soma mgongo wa spika

Geuza spika utazame kibandiko cha nyuma, au tafuta karatasi zake kwenye tovuti ya mtengenezaji. Unahitaji namba tatu.

Ya kwanza ni omu, alama ya Ω, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. Risiva nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa spika za omu 6 hadi 8, na nyingine zinakubali 4. Hapa kuna mtego. Zile spika zilizotoka kwenye seti za home theater za boksi moja, zile zenye DVD ndani, mara nyingi zimeandikwa omu 3 au 4, na plagi zake ni za rangi rangi za kampuni. Watu hukata zile plagi wakaunga spika kwenye risiva kubwa ya kawaida. Zinalia, tena vizuri, mpaka siku ya sherehe. Omu zikiwa chache risiva inalazimika kutoa umeme mwingi kupita ilivyoundwa, inachemka, inajizima, na siku nyingine haiwaki tena. Kama kibandiko kimesema 3, spika hizo ziache na boksi lake.

Hata namba nzuri haielezi kila kitu. KEF LS50, spika ndogo iliyotoka mwaka 2012 na kupendwa sana, imeandikwa omu 8, lakini mtengenezaji mwenyewe anasema kwenye baadhi ya masafa inashuka hadi 3.2. Spika ya namna hiyo ipe risiva ambayo kwenye karatasi zake imekubali omu 4.

Namba ya pili ni dB, yaani spika inatoa sauti kiasi gani kwa wati moja ukiwa mita moja. Spika ndogo nyingi ziko kati ya 83 na 88. Tofauti inaonekana ndogo kwa macho, lakini spika ya 82 inahitaji nguvu mara mbili na nusu ya spika ya 86 ili zilingane.

Namba ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote kwenye kazi hii: masafa ya chini, mahali spika inapoishia. Tafuta ile iliyoandikwa pamoja na ±3 dB, yaani mpaka hapo sauti haijapanda wala kushuka zaidi ya dB 3. Ikiandikwa Hz 45 peke yake bila maelezo, usiitegemee. LS50 hiyohiyo ni mfano mzuri: kwa kipimo cha ±3 dB inaanzia Hz 79, lakini kwa kipimo cha −6 dB inaandikwa Hz 47. Spika ni moja, namba ni mbili, na zote ni za kweli.

Kama spika ni ya mtumba na karatasi hakuna, kadiria kwa koni. Koni ya inchi 3 huishiwa pumzi karibu na Hz 130 hadi 180. Ya inchi 4 karibu na 100. Ya inchi 5 kwenye 60 hadi 75. Ya inchi 6 na nusu hufika 50 hivi. Ni makadirio, lakini yatakutosha kuanzia kazi.

Ukinunua mtumba, bonyeza taratibu ule ukingo unaoshika koni kwa ncha ya kidole. Ukiwa wa raba utarudi. Ukiwa wa sponji na spika imekaa miaka kumi na tano au ishirini, hasa huku pwani kwenye unyevu, kidole kitatoka na unga mweusi unaonata. Ukingo huo umekufa. Kuna mafundi wanaobandika ukingo mpya na kazi yao ni nzuri, ila ingiza gharama hiyo kwenye bei kabla hujalipa.

Hatua ya pili: risiva

Tupige hesabu ya sebule ya kawaida, mita 4 kwa 5, spika za koni ya inchi 5 zenye 86 dB na omu 6, wewe umekaa mita 3 kutoka kwenye spika. Kwa wati moja mita moja una dB 86. Umbali wa mita 3 ndani ya chumba unakula kama 6 au 7, spika ya pili inarudisha 3, unabaki na 82 hivi. Hiyo tayari ni sauti ya kutazama filamu kwa raha. Ukizidisha wati mara kumi unaongeza dB 10: wati 10 zinakupa 92, wati 100 zinakupa 102. Kishindo cha bomu kwenye filamu kikifika 100, umetumia wati zisizofika 70, tena kwa nusu sekunde.

Kwa hiyo risiva yenye wati 70 au 80 za kweli kila chaneli inatosha sebule hiyo. Kutoka 70 kwenda 140 unapata dB 3 tu, ambazo sikio linaziona kama kupandisha rimoti kidogo. Pesa ya tofauti hiyo iweke kwenye sabufa.

Tatizo ni hizo wati za kweli. Risiva moja inaweza kuwa na namba tatu kwenye boksi lake. Itafute iliyoandikwa hivi: Hz 20 hadi 20,000, chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, upotofu (sauti kuharibika) chini ya asilimia 0.1. Hiyo ndiyo namba ya kuaminika. Ile kubwa ya kwenye boksi kwa kawaida imepimwa kwa chaneli moja, kwa mlio wa Hz 1,000, kwa upotofu wa asilimia 10, kiwango ambacho sikio lako lingekimbia. Na zile wati elfu za PMPO, namba za kutangazia tu, usizihesabu kabisa. Njia ya haraka ukiwa dukani ni kugeuza risiva na kusoma umeme inaokula. Ikiwa imeandikwa wati 400, haiwezi kutoa wati 150 mara tano. Hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula, na amplifaya ya kawaida hupoteza karibu nusu kwa joto.

Ukiwa umegeuza hivyohivyo, soma na volti. Hapa nimeona machozi ya watu wazima. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, Kenya 240, kwa Hz 50. Risiva iliyotumika Uingereza au Dubai itaingia bila shida. Iliyotoka Japan imeandikwa AC 100V, na ya Marekani 120V. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi utasikia mlio mmoja, kisha harufu. Ukiipenda sana ipe transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa mgongoni, na uandike kwa maka kwenye plagi yake ili mtoto wa dada asije kuichomeka ukutani. Kama imeandikwa Hz 60 peke yake, iache, kwa sababu transfoma yake ya ndani itachemka zaidi kwenye Hz 50 zetu. Ya Japan ina kasoro nyingine wenye magari wanaijua: redio yake ya FM inaanzia 76 na kuishia 90 au 95, hivyo stesheni nyingi za huku hutazipata.

Mambo matatu ya mwisho kabla ya kulipa. Hakikisha nyuma kuna tundu limeandikwa SUBWOOFER PRE OUT, lile la jeki moja ya RCA. Hakikisha kwenye menyu krosova, yaani yale masafa ambapo risiva inaikabidhi besi kwa sabufa, inaweza kubadilishwa kwa kila kundi la spika, si namba moja kwa zote. Na kama utatumia programu za ndani ya TV, hakikisha HDMI moja imeandikwa ARC au eARC, ili sauti ya TV irudi kwenye risiva kwa waya uleule wa picha.

Hatua ya tatu: sabufa

Swali la kwanza: ina waya wake wa umeme? Sabufa yenye amplifaya ndani huchomekwa ukutani na hupokea ishara kutoka risiva kwa jeki ya RCA. Sabufa isiyo na amplifaya ina vishikizo vya waya wa spika tu. Hii ya pili ndiyo inayotoka kwenye yale maboksi ya seti moja, na kila mwezi nakutana na mtu aliyekata waya wake akaufunga jeki ya RCA akisubiri besi. Haitalia, maana pale kwenye tundu hakuna nguvu, kuna ishara tu. Ama ununue amplifaya yake pembeni, ama utafute sabufa yenye amplifaya ndani. Nakushauri la pili.

Halafu tazama pande zote mbili za masafa yake. Kila mtu anauliza inashuka hadi ngapi, na swali ni halali: waya mnene wa gitaa la besi ni Hz 41, kwa hiyo sabufa inayofika Hz 35 inatosha taarab, dansi na rumba, ingawa nyimbo nyingi za sasa na mabomu ya filamu yanashuka chini ya hapo. Lakini kwa mwenye spika ndogo, swali gumu ni inapanda hadi ngapi. Kama spika zako za inchi 3 zinaishia 150, sabufa lazima ipige hadi 150 na zaidi kidogo ikiwa safi. Yale makasha makubwa ya inchi 15 yanayogongwa mtaani kwa ajili ya sherehe hunguruma kwenye noti moja na kuishia hapo. Kwenye mshono kunabaki shimo, na ndani ya shimo hilo ndipo sauti ya mwanamume inapokaa.

Kwa sebule ya mita 4 kwa 5 ningenunua sabufa moja ya inchi 10 iliyotengenezwa vizuri. Ya inchi 8 inatosha chumba cha kulala au sebule ndogo. Yenye tundu la hewa inatoa kishindo kikubwa kwa pesa ileile; iliyofungwa pande zote ni ndogo, sauti yake inafifia polepole kadiri besi inavyoshuka, na kwa kawaida ni rahisi kuiunga na spika ndogo. Mimi kwa muziki nachagua iliyofungwa. Anayependa filamu za vita achukue yenye tundu.

Nyumba zetu za tofali za saruji zinabadilisha hesabu pia. Ushauri mwingi ulioandikwa Marekani ni wa nyumba za mbao na kuta za jipsamu, ambazo besi inapita na kutoka. Ukuta wa tofali unairudisha ndani. Ndiyo maana sabufa ya wastani Mbezi inaweza kutikisa kuliko sabufa kubwa ya ndugu yako wa Minnesota, na ndiyo maana pia besi ya huku huwa rahisi kuvimba.

Hatua ya nne: waya na mahali pa kuweka

Waya wa spika wa milimita za mraba 1.5 unatosha hadi mita kama 15 kwa spika za omu 8, na nusu ya hapo kwa omu 4. Zaidi ya hapo chukua 2.5. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu kabla ya kununua rola zima: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa, inapitisha umeme kidogo na inaoza haraka kwenye chumvi ya pwani. Zungusha nyuzi za waya zikaze, usiache hata uzi mmoja ukagusa kishikizo cha jirani. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Spika ya mtumba isiyo na rangi ipime kwa betri ya rimoti: gusisha vichwa vya betri kwenye vishikizo kwa sekunde moja, na koni ikiruka kwenda nje, kishikizo kilichoguswa na chanya ndicho chekundu.

Spika za mbele ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa. Zile zilizotundikwa karibu na dari kwa kuogopa watoto zitakuletea sauti ya kwenye kituo cha basi.

Sabufa ina kazi yake. Wimbi la Hz 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4, la Hz 40 zaidi ya 8, hivyo chumba chenyewe kinaamua besi ikae wapi. Kwenye chumba cha mita 5 kwa 4 masafa ya karibu Hz 35 na Hz 43 yanajikusanya kwenye kuta na kutoweka katikati. Kochi likiwa katikati kabisa ya chumba, besi hiyo hutaisikia hata ukinunua sabufa mbili kubwa. Lisogeze nyuma hata nusu mita.

Njia bora niijuayo ya kutafuta mahali haihitaji kipimo. Beba sabufa uiweke juu ya kochi, pale unapokaa. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea juu na chini, urudie rudie. Sasa piga magoti utambae pembezoni mwa ukuta, kichwa kikiwa chini usawa wa sabufa. Utapita mahali noti zinavimba, utapita mahali zinapotea, na utafika mahali zote zinasikika kwa ukubwa unaolingana. Weka alama kwa chaki. Hapo ndipo sabufa inakaa, kwa sababu njia ya sauti kutoka pale hadi kwenye kochi ni ileile ya kutoka kwenye kochi hadi pale.

Ila kuna sharti moja kwa wenye spika ndogo sana. Chini ya Hz 80 sikio halijui besi inatoka wapi. Ukipanda kwenye 120 au 150 linaanza kujua. Kwa hiyo kama krosova yako itakuwa 100 au zaidi, tambaa ukuta wa mbele tu, ule wa TV. Kule Tabata nilipoitoa sabufa nyuma ya kochi nikaiweka kati ya TV na spika ya kushoto, mama wa nyumba aliniuliza, "Fundi, hili dude ndiyo likae mbele kabisa?" Nikamwambia, "Shemeji, livumilie siku mbili tu, likikushinda nipigie nilirudishe." Hajanipigia.

Hatua ya tano: kupanga menyu

Fuata mpangilio huu. Kwenye sabufa yenyewe, kitufe cha masafa kizungushe hadi mwisho wa juu, au kiweke kwenye LFE kama kipo, maana krosova itafanywa na risiva. Ukiacha zote mbili zikifanya kazi, utakata besi mara mbili. Sauti ya sabufa iweke katikati. Fezi (kitufe cha PHASE) iweke 0.

Kisha chomeka maikrofoni ya risiva uendeshe upimaji wake wa kujitegemea. Izime feni ya dari, funga madirisha, zima friji kama iko karibu, na usubiri bodaboda zitulie. Maikrofoni iwe usawa wa sikio juu ya stuli au stendi, isilazwe kwenye mgongo wa kochi.

Ukimaliza, ingia kwenye menyu ukasahihishe. Risiva nyingine zitaita spika zako Large. Zibadilishe zote ziwe Small. Neno hilo halina dharau. Maana yake ni kwamba besi yao ipelekwe kwa sabufa. Ukikuta mpangilio wa besi umeandikwa LFE+Main au Extra Bass, uzime, kwa kuwa unairudisha besi kwenye spika tulizotoka kuzipumzisha.

Halafu krosova yenyewe. Chukua lile safa la chini la spika, uliongezee kama moja ya tano hadi theluthi. Spika inayoishia 60 iweke 80. Inayoishia 79, kama LS50, iweke 100, au 80 kama chumba ni kidogo na husikilizi kwa sauti kubwa. Ya inchi 4 iweke 120. Ya inchi 3 iweke 150, na kama bado sauti ni nyembamba, 180, ukikubali kwamba sabufa itaanza kujulikana ilipo. Hz 80 inapendwa kwenye vitabu kwa sababu ndiyo iliyochaguliwa na THX, wanaoweka viwango vya sauti za filamu, kwa mifumo yao ya nyumbani, lakini ni ya spika zinazoweza kufika hapo. Kuiwekea spika ya inchi 3 krosova ya 80 kunaacha shimo la oktavu nzima.

Palipoandikwa LPF for LFE acha 120. Hiyo ni ya chaneli maalumu ya vishindo vya filamu, ile nukta moja kwenye 5.1, na yaliyorekodiwa humo yanaweza kufika 120.

Tazama na kiwango ambacho risiva imeipa sabufa. Kikiwa −12, maana yake risiva imefika mwisho wa uwezo wake wa kupunguza na pengine ilitaka kupunguza zaidi. Teremsha kitufe cha sabufa, upime tena, mpaka namba iangukie kati ya −5 na +5. Na ukikuta umbali wa sabufa umeandikwa mita 5 wakati iko mita 3, usiusahihishe kwa futi kamba. Amplifaya ya ndani ya sabufa inachelewesha sauti kidogo, na risiva imeuhesabu ucheleweshaji huo kama umbali.

Kuushona mshono

Pakua mlio wa majaribio wenye masafa sawa na krosova yako, tuseme Hz 80 au 120, uupige kwa sauti ya wastani kupitia spika za mbele na sabufa kwa pamoja. Mtu mmoja akae kwenye kochi, mwingine abadilishe kitufe cha fezi cha sabufa kutoka 0 kwenda 180. Unapotaka ni pale mlio unapokuwa mkubwa zaidi, maana hapo koni za spika na ya sabufa zinasukuma hewa pamoja. Kwenye upande mwingine zinavutana, na besi inayeyuka hewani ingawa vifaa vyote vinafanya kazi. Ukitaka kunoa zaidi, ongeza au punguza umbali wa sabufa kwenye menyu kidogo kidogo, robo mita kwa robo mita, huku mlio ukiendelea, uache pale ulipovimba zaidi.

Kisha rudi kwenye taarifa ya habari, msomaji awe mwanamume. Sauti ya mwanamume inaanzia karibu Hz 100, palepale kwenye mshono wa spika ndogo. Fumba macho. Sauti yote itoke kwenye kioo. Ikiwa kifua kinahamia upande wa sabufa, teremsha krosova hatua moja au isogeze sabufa karibu na TV. Ikiwa msomaji amekonda kama anaongea kwenye simu, pandisha krosova hatua moja. Hatua hii ichukulie muda, hata siku tatu, maana sikio la jioni ya kwanza linapenda besi nyingi kuliko litakayoivumilia wiki nzima.

Matatizo utakayokutana nayo

Sabufa ikinguruma hata risiva ikiwa imenyamaza, chomoa waya wa ungo au antena kwenye dekoda. Ngurumo ikikatika, mzunguko unapita kwenye waya wa ardhi: vifaa vimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti. Chomeka TV, dekoda, risiva na sabufa kwenye soketi moja ya ukutani, mara nyingi inaisha hapo. Usithubutu kukata pini ya ardhi ya plagi ili kunyamazisha ngurumo. Umeme ukivuja, kasha la chuma la risiva ndilo litakalomshika mtoto.

Sabufa ikilala katikati ya filamu tulivu, ishara inayoifikia ni ndogo. Teremsha kitufe chake na upandishe kiwango cha sabufa kwenye menyu ya risiva kwa kiasi hichohicho, au toa kitufe kwenye Auto ukiweke On.

Risiva ikijizima ukipandisha sauti, kagua nyuzi za waya zilizogusana kwanza, kisha omu za spika, kisha hewa. Risiva iliyobanwa ndani ya kabati la TV huku joto la chumba likiwa 32 haina pa kutolea joto lake. Iachie walau kitanga kimoja cha mkono juu yake, na usiiwekee dekoda mgongoni. Umeme ukikatika, chomoa risiva na sabufa zote mbili. Unaporudi kwa kishindo, sabufa ndiyo huumia mara nyingi kwa sababu watu husahau kwamba nayo ina plagi yake huko nyuma ya pazia.

Na jirani wa ukuta mmoja akilalamika usiku, usiteremshe sauti yote. Punguza kiwango cha sabufa kwenye menyu kwa dB 5 au 6, na uinyanyue kutoka sakafuni kwa kipande cha godoro gumu la sponji. Maneno ya filamu yatabaki wazi sebuleni kwako, na kitanda cha jirani kitaacha kutetemeka.